Kujitolea au Kuchangiana? Uhakiki wa Nadharia ya Mchangiaji Pekee katika Kazi za Pamoja za Mtandaoni

Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili wameizoea sana kauli kwamba lugha yetu "imeingia mtandaoni". Kauli hiyo husemwa kwa fahari katika makongamano na hurudiwa katika dibaji za vitabu. Lakini lugha haina miguu. Haiingii mahali ila kwa kubebwa na watu. Na watu hao, katika sehemu kubwa ya kazi inayozungumziwa hapa, hawalipwi hata senti moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala zaidi ya 70,000, na karibu yote ni kazi ya watu waliojitwika mzigo huo kwa hiari yao. Hali ni hiyo hiyo kwa ramani huria za miji yetu na kwa hazina za sauti zinazokusanywa ili mashine zifundishwe kuisikia lugha.

Ni nini basi kinachomfanya mtu atoe saa zake za jioni kwa kazi isiyo na mshahara wala jina juu ya jalada? Na, jambo ambalo ni muhimu zaidi, ni nini kinachomfanya aache? Makala haya yanakusudia kulihakiki jibu lililozoeleka, yaani jibu linaloitafuta sababu ndani ya moyo wa mchangiaji mmoja mmoja. Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mchango wa hiari hutokana zaidi na mahusiano baina ya wachangiaji kuliko tabia ya mchangiaji mwenyewe. Jambo hili si la wanasayansi ya jamii peke yao. Mashine za kutafsiri na za kutunga lugha zinajifunza Kiswahili, pamoja na vyanzo vingine, kutokana na maandishi hayo ya hiari. Anayetaka kujua Kiswahili cha kesho kitafananaje, hana budi kuuliza ni nani anayekiandika leo na anakiandika pamoja na nani.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno, kwani ndiyo malighafi yetu. Kazi ya aina hii huitwa kwa kawaida "kazi ya kujitolea". Tukilichambua neno hili, twapata kitenzi *toa*, kikanyambuliwa kuwa *tolea*, kisha kikapewa kiambishi rejeshi *ji*. Mtenda na mtendwa ni mtu yule yule. Neno linatuchorea picha ya mtu aliyesimama peke yake, akaamua peke yake, akatoa nafsi yake. Anayepokea hayumo katika neno, na aliyesimama kando yake hayumo pia.

Lakini upo msamiati mwingine, nao tunautumia kila siku pasipo kuufikiria: *changa, changia, changisha, changiana*, na nomino yake *mchango*. Kuchanga ni tendo la wengi. Mtu mmoja hawezi kuchanga peke yake. Akitoa fedha peke yake tunasema amelipa, au amefadhili. Penye mchango wa harusi, wa mazishi au wa karo, lipo daftari. Majina huandikwa na kusomwa. Aliyekuchangia jana hukaa akilini mwako leo, na wewe utakayemchangia leo unajua kwamba kesho ni zamu yako. Hakuna anayemwita mtu wa namna hiyo bahili kwa sababu anakumbuka nani alimfaa. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoufanya mchango udumu kutoka tukio hadi tukio.

Neno la tatu ni *mtandao*. Linatokana na *tanda*, na siku hizi limebeba maana mbili zinazokaribiana kiasi cha kutupoteza. Kuna mtandao wa mashine, na kuna mtandao wa watu wanaojuana, wanaodaiana salamu, wanaosahihishana. Kosa kubwa la mijadala yetu ni kudhani kwamba ukiutandaza ule wa kwanza, wa pili utajitandaza wenyewe.

Nadharia ya mchangiaji pekee

Nadharia ninayoihakiki ina matawi mawili. Tawi la kwanza humtukuza mchangiaji: ni mkarimu, mzalendo wa lugha, mpenda elimu. Tawi la pili humpima kwa mizani ya soko: anatafuta sifa, ujuzi wa kuonyesha atakapoomba kazi, au zawadi. Matawi haya hugombana kila mara, lakini shina lao ni moja. Yote mawili yanadhani kwamba tukiujua moyo wa mtu mmoja tumeijua kazi ya pamoja.

Hoja nzito zaidi ya shina hilo ilitolewa na Mancur Olson katika kitabu chake *The Logic of Collective Action*, kilichotoka mwaka 1965. Olson alisema kwamba kundi linapokuwa kubwa, kila mmoja huelekea kutegea. Faida ya kazi ni ya wote, na mchango wa mmoja hauonekani. Kwa nini basi ajichoshe? Kundi likiwa dogo, pengo la kila mtu huonekana, na kwa hiyo hujitahidi. Hoja hii ina ukweli wake, na kila aliyewahi kuita watu wa mtaa kuzibua mfereji anaujua. Kwa mujibu wake, Wikipedia isingepaswa kuwako kabisa. Ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na kadiri ilivyokua katika miaka yake ya mwanzo, ndivyo watu walivyozidi kumiminika.

Ushahidi wa Uchina

Wataalamu wa jamii hawapati mara nyingi nafasi ya kulitia kundi zima katika jaribio. Mwaka 2005 nafasi hiyo ilijitokeza yenyewe. Mnamo Oktoba serikali ya Uchina iliwafungia wakazi wa bara njia ya kuifikia Wikipedia ya Kichina. Wachangiaji waliokuwa Taiwan, Hong Kong, Singapore na kwingineko hawakuguswa. Kompyuta zao zilifanya kazi kama jana, na makala yalikuwa pale pale. Kilichobadilika ni kwamba wenzao wengi walikuwa wametoweka.

Michael Zhang na Feng Zhu waliuchunguza mkasa huo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011 katika *American Economic Review*. Kama Olson angekuwa sahihi katika jambo hili, waliobaki wangeongeza bidii, maana kundi lilikuwa limepungua na pengo limeonekana. Ilikuwa kinyume. Michango ya waliobaki ilishuka kwa wastani wa asilimia 42.8. Zaidi ya hayo, walioshuka zaidi ni wale waliokuwa wamezoea sana kuzungumza na wenzao katika kurasa za majadiliano.

Natuyatafakari matokeo haya kama wahakiki. Moyo wa mchangiaji aliyeko Taipei haukubadilika usiku mmoja. Ukarimu wake ulikuwa ule ule, na hamu yake ya sifa vile vile. Ikiwa mchango wake umepungua karibu nusu, basi sababu haikuwa ndani yake. Ilikuwa kati yake na wengine: msomaji aliyetarajiwa, mshindani wa hoja, mtu wa kusema "asante" au "hapa umekosea".

Uchunguzi wa pili unaukamilisha huo. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walieleza jaribio walilolifanya katika Wikipedia ya Kiingereza. Walichukua wachangiaji hodari, wakawapa baadhi yao, kwa kuchaguliwa pasipo upendeleo, ile nyota ambayo wanajumuiya huzawadiana. Nyota hiyo haina thamani ya fedha; ni picha ndogo na maneno ya shukrani yanayowekwa katika ukurasa wa mtu. Katika siku 90 zilizofuata, waliopewa nyota walizidi wenzao kwa asilimia 60 katika kazi. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni hamu ya sifa tu. Lakini sifa hiyo ina maana machoni pa wale wanaoijua kazi, na haifai kitu dukani wala mbele ya mwajiri. Sifa ya namna hiyo ni uhusiano.

Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kushangaa. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) zilitungwa katika mabishano ya Mombasa na Lamu, zikielekezwa kwa watu waliojulikana na waliotarajiwa kujibu. Hata kuhifadhiwa kwake kulikuwa kazi ya mnyororo wa watu: wenyeji waliokuwa na tungo hizo vichwani, Mwalimu Sikujua aliyemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya na kuzifafanua, hatimaye William Hichens aliyezitoa katika diwani mwaka 1940. Mtunzi asiyejibiwa hunyamaza, na tungo isiyo na wa kuipokea hupotea. Kanuni hii ilikuwako kabla ya mashine.

Miradi miwili ya mwaka 2009

Sasa turudi kwetu, tuilinganishe miradi miwili iliyoanza katika miezi ya mwisho ya mwaka mmoja.

Mradi wa kwanza ulikuwa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, lililoandaliwa na kampuni ya Google mwishoni mwa 2009 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki. Zawadi zilikuwa pamoja na kompyuta za kubebeka. Kwa muda mfupi makala mengi mapya yaliandikwa, na huo ni mchango halisi usiopaswa kubezwa. Lakini mwaka 2010, zawadi zilipokwisha kugawiwa, wanajumuiya wa zamani wa Wikipedia hiyo walilalamika hadharani kwamba wengi wa washindani hawakuonekana tena.

Mradi wa pili ulianza Kibera, jijini Nairobi. Kikundi cha vijana kutoka vijiji mbalimbali vya mtaa huo, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, walitembea vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakaiweka Kibera katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004. Kabla ya hapo, mtaa wa maelfu kwa maelfu ya watu ulikuwa karibu doa tupu katika ramani za umma. Mradi huo, Map Kibera, haukufa baada ya ramani ya kwanza. Uliendelea hadi ramani za shule, za afya na za usalama, na baadaye ukawa shirika lenye mizizi mtaani.

Tofauti iko wapi? Si kwamba mmoja ulitoka nje na mwingine ndani. Yote miwili ilikuwa na mkono wa wageni. Wala si kwamba mmoja ulikuwa na fedha na mwingine haukuwa nazo. Map Kibera nayo ilihitaji wafadhili. Tofauti ninayoiona iko katika mtandao wa watu. Kijana wa Kibera alipoandika jina la zahanati au choo cha umma, alikuwa akiandika kitu ambacho jirani yake angekiona na kumuuliza habari zake. Kazi ilipandikizwa juu ya ujirani uliokuwako. Shindano, kwa upande wake, liliwakusanya wanafunzi wengi na kumfunga kila mmoja kwa uzi mmoja tu, uzi wa kati yake na mtoa zawadi. Uzi huo ulipokatwa, hapakuwa na wa kuwashika. Na shindano kwa asili yake humfanya mwenzako awe mpinzani: makala mazuri ya jirani ni hasara kwako.

Richard Titmuss alikwisha kutuonya mwaka 1970, katika kitabu chake juu ya utoaji wa damu, kwamba malipo hayajumlishwi tu na hiari kama fungu juu ya fungu. Yanaweza kuibadili maana ya tendo lenyewe. Sisemi kwamba zawadi ni haramu. Nasema kwamba zawadi huita watu, lakini haiwaunganishi.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Muhula mmoja nililipa darasa langu la mwaka wa tatu kazi ya kuandika, kila mmoja, makala moja juu ya mahali pa kwao. Nilikuwa nimerejea kutoka masomoni ng'ambo na bidii nyingi, nikaamini kwamba alama zingetosha kuwasha moto. Makala yaliandikwa, alama zikatolewa, na darasa zima likanyamaza, isipokuwa wasichana wawili marafiki. Makala ya mmoja wao yalikuwa yamesahihishwa na mtu wasiyemjua, naye akaacha ujumbe kuuliza jina la kilima kilichotajwa lina maana gani kwa lugha ya wenyeji. Wale wawili walimpigia simu nyanya wa mmoja wao ili wapate jibu, na kutoka hapo wakaandika makala mengine matano. Mwanafunzi mwingine, aliyekuwa hodari kuliko wote kwa lugha, makala yake yalifutwa kwa maelezo ya mstari mmoja yaliyotaja kanuni asiyoijua. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi, alinijibu, "Mwalimu, nilidhani nimekosea nyumba." Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilikuwa nimewapa kazi bila kuwapa mwenyeji.

Upande wa pili wa mtandao

Itakuwa uhakiki wa upande mmoja nikiusifu mtandao wa watu pasipo kuonyesha ubaya wake. Uzi ule ule unaounganisha ndio unaozungushia ua. Jumuiya inayojuana sana huzaa lugha yake ya ndani, kanuni zake, na uchovu wake kwa wageni. Utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wachangiaji hai wa Wikipedia ya Kiingereza walifikia kilele mwaka 2007, kisha wakapungua. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa namna kazi za wageni wenye nia njema zilivyozidi kukataliwa, aghalabu kwa zana za kujiendesha na kanuni zilizokwisha kuwa ngumu kama mwamba.

Mtandao huamua pia kinachoandikwa. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake walikuwa chini ya asilimia 13 ya wachangiaji wa Wikipedia. Ikiwa wanaoalikana ni wanaume wanaojuana kazini na vyuoni, basi wachezaji wa mpira watapata makala marefu, na ujuzi wa ukunga, wa mapishi na wa unyago utasubiri. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Mwaliko hupita tu pale penye njia.

Na mtandao ukiwa mwembamba mno, hatari ni kubwa zaidi. Agosti 2020 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jamaa ya Kiingereza, ilikuwa imeandikwa kwa miaka kadhaa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Alianza akiwa mtoto. Wenye lugha hawakuwapo katika idadi ya kutosha kumwambia mapema, kwa upole, kwamba maneno yale si yao. Katika nadharia ya mchangiaji pekee, kijana huyo ni mfano bora: alijitolea kwa bidii isiyo na kifani. Katika nadharia ya mchango, alikuwa mtu anayechanga mahali pasipo na daftari.

Kiswahili hakiko katika hali hiyo. Kina wasemaji mamilioni, na Wikipedia yake ina watu waaminifu walioitunza kwa muda mrefu. Tangu siku za mwanzo palikuwa na Waafrika Mashariki kama Ndesanjo Macha, ambaye blogu yake ya Jikomboe, iliyoanza mwaka 2004, iliwavuta wengine kuandika Kiswahili katika intaneti. Lakini wingi wa wasemaji si wingi wa wachangiaji. Wakfu mkubwa wa lugha unaweza kuwa mikononi mwa watu wachache waliochoka.

Hitimisho

Kutokana na hayo, naona mambo matatu yanayotuhusu sisi wa idara za lugha.

La kwanza, tuache kuwahesabu wachangiaji na tuanze kuyahesabu majibu. Mradi unaoanzishwa chuoni usipimwe kwa idadi ya makala ya wiki ya kwanza, bali kwa kuuliza ni wageni wangapi waliojibiwa na mtu, na wangapi waliorudi baada ya kujibiwa.

La pili, Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wanaojuana kwa mbali ndio wanaoleta habari mpya, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua aghalabu yale yale tunayoyajua. Ujirani wa darasa moja utamfanya mchangiaji asiache; lakini ili Kiswahili kinachoandikwa kisiwe cha chuo kimoja au mji mmoja, yatupasa kujenga nyuzi nyembamba pia, kati ya Nairobi na Zanzibar, kati ya Mombasa na Lubumbashi, ili mtu asahihishwe na asiyemjua na ajifunze kutoka kwake.

La tatu ndilo gumu. Sisi tumezoea kulaumu Kiswahili cha mtandaoni kutoka mbali. Twasema msamiati ni mbovu, tafsiri ni sisisi, istilahi zimevurugwa. Mara nyingi twasema kweli. Lakini lawama inayosemwa katika ukumbi wa kongamano haimfikii aliyekosea, na kwa hiyo haiwi jibu kwake. Saa moja kwa wiki ya mhadhiri mmoja, akimsahihisha mgeni kwa jina lake na kumweleza sababu, ni mchango kwa maana kamili ya neno. Katika daftari la kazi hii majina ya watu wa idara zetu ni machache mno. Tukiendelea kukaa nje, tusishangae mashine zitakapowafundisha wajukuu wetu Kiswahili ambacho hatukushiriki kukiandika.